Mnaotuambia tujenge juu, njooni kwanza mwone msingi na uani

Ndugu Mhariri,

Mwezi uliopita gazeti lako lilichapa makala iliyotuhimiza sisi wakazi wa Dar es Salaam tuache kutanuka na tuanze kupanda juu. Mwandishi alisema kiwanja hakizai kiwanja kingine. Niliisoma mara mbili, mara ya pili kwa kalamu nyekundu, maana nimefundisha hisabati shule ya msingi kwa miaka 34 na mazoea hayatoki. Alama nzuri nampa. Ila amekwenda moja kwa moja kwenye jibu bila kuonyesha njia, na mwanafunzi wa namna hiyo nilikuwa namrudishia daftari.

Naishi Tandika, katika nyumba aliyoijenga marehemu baba yangu mwaka 1974. Ni nyumba ya Kiswahili kama wengi wanavyoijua: baraza mbele, mlango, ukumbi unaonyooka mpaka uani, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto. Nyumba ina mita 9 kwa 12. Kiwanja ni mita 13 kwa 22. Uani kuna banda la jiko na stoo, choo, bafu, na mwarobaini aliouotesha mama yangu. Vyumba viwili nimepangisha, navyo ndivyo vinavyolipa umeme na maji.

Mwaka juzi mwanangu wa pili alihamishiwa Dar kikazi kutoka Mwanza, akaja na mkewe na watoto watatu. Wenyeji na wapangaji tukawa watu kumi na mmoja. Akaanza kuulizia kiwanja Vikindu, nje ya jiji. Nikamuuliza atatoka nyumbani saa ngapi kuwahi kazini Posta, katikati ya jiji. Akasema saa kumi na moja alfajiri, labda na nusu. Nikamwambia basi watoto wako utawaona Jumapili tu, heri tupanue hapa hapa. Hapo ndipo swali la mwandishi wenu likaingia nyumbani kwangu: juu au pembeni?

Fundi wa kwanza alikuja, akaniamkia vizuri, akasimama uani akitazama bati. "Mwalimu, tunaezua, tunasimamisha nguzo kwenye kona, tunamwaga slabu. Miezi mitatu unalala ghorofani." Nikamuuliza habari ya msingi. Akasema msingi wa wazee ni imara, nyumba ina miaka hamsini na haijatikisika. Ni kweli haijatikisika, lakini haijawahi kubebeshwa kitu. Inabeba bati, mbao na popo wawili watatu.

Nikamtafuta kijana mhandisi, aliyepata kuwa mwanafunzi wangu na kunisumbua sana na sehemu na desimali. Hakutazama juu hata kidogo. Aliomba jembe na sululu, akachimba kwenye kona ya chumba cha mbele, nje ya ukuta, mpaka akafika mwisho wa tofali. Sentimita 55. Chini yake mchanga mtupu: hakuna zege, hakuna nondo, hata kokoto ya kusingizia hakuna. Akaingiza mkono akautoa na mchanga, akanitazama. "Mwalimu, hii nyumba imekaa tu."

Simlaumu baba. Alikuwa kibarua bandarini, tofali alizifyatua mwenyewe kila Jumapili, na alichotaka ni paa kabla ya masika. Wazo la ghorofa halikuwepo kichwani mwake.

Kwa faida ya wasomaji wenzangu nitaweka hesabu yenyewe, kwa sababu watu wanalizungumzia zege kama vile ni godoro. Slabu, yaani ile sakafu ya zege ya ghorofani, yenye unene wa sentimita 15 juu ya nyumba ya mita 9 kwa 12 ni mita za ujazo 16.2. Mita moja ya ujazo ya zege lenye nondo ina uzito wa kama tani 2.4. Zidisha: karibu tani 39. Hapo hujaweka ukuta wa juu, kabati, tangi la maji wala mtu. Ni kama kuegesha mabasi madogo ya Coaster kumi, tupu, juu ya kuta za tofali zilizokaa kwenye mchanga. Anayeona nimetia chumvi achukue kalamu arudie.

Mhandisi alisema njia ipo: nguzo mpya zenye vitako vyake vya zege, zipite ndani ya nyumba bila kuzigusa kuta za zamani, ghorofa isimame kwa miguu yake. Vitako kumi na viwili, kila kimoja shimo la kuingia mtu mzima, ndani ya vyumba ambamo watu wanalala. Nikamwambia huko ni kuibomoa nyumba kwa kuibembeleza. Akacheka, ila hakukataa.

Halafu kuna ngazi, ambayo makala yenu haikuitaja hata kwa bahati mbaya. Kutoka sakafu hadi sakafu ni kama mita 3. Kidato kikiwa na kimo cha sentimita 17 na nusu hivi, unahitaji vidato 17. Kila kidato kikikupa sentimita 27 za kukanyagia, ngazi iliyonyooka inalala zaidi ya mita 4. Ukiikunja katikati inakaa vizuri zaidi, ila kwa vyovyote imekula chumba kimoja chini na tundu lake juu. Kwa hiyo anayepandisha vyumba sita juu ya vyumba sita hapati kumi na viwili. Na magoti yangu yana miaka 66.

Kupanda juu si jambo geni Pwani, wala hatukulisubiri zege. Mwaka 2009 nilikwenda Lamu harusini nikalazwa katika nyumba ya mawe ya ukoo wa bwana harusi. Kule, binti akiolewa, baba aliweza kumwongezea orofa juu ya nyumba yake, au kumjengea ng'ambo ya kichochoro na kuunganisha kwa wikio, yaani chumba kinachovuka juu ya njia huku watu na punda wakipita chini. Mimi na upimaji wangu, nilinyoosha mkono dirishani: ukuta una unene wa kama nusu mita, matumbawe na chokaa. Vyumba ni virefu lakini vyembamba, kwa sababu boriti ya mkoko haiwezi kuvuka mbali. Aliyejenga chini alikwisha kumfikiria binti ambaye hajazaliwa. Juu iliamuliwa siku ya kuchimba msingi.

Sisi wa Tandika, Mbagala, Manzese na Buguruni tunataka kuliamua jambo hilo siku ya kupata hela. Na jiji letu limekwisha kuona mwisho wake. Machi 29, 2013, Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi lilianguka, watu 36 wakafa. Novemba 16, 2024 likaanguka jingine Kariakoo, watu wakiwa madukani. Yale yalikuwa majengo ya wenye fedha. Fundi anaponiambia "tutapandisha tu, Mwalimu", neno ninalolisikia ni lile "tu".

Basi nikageukia pembeni. Fundi wa pili alinipigia hesabu ya milioni 14: vyumba vinne uani, viwili kila upande, njia ya mita moja katikati, choo mwisho. Hakuna mhandisi, hakuna nguzo, bati linaendelea kutoka lilipo. Nilikaribia kukubali. Karatasi ilikuwa mezani na kalamu mkononi.

Kilichonizuia ni msiba wa jirani yangu wa nyumba ya tatu. Nyumba yao ilikuwa na uani mkubwa kuliko wangu. Waliujaza vyumba kidogo kidogo, kila mtoto akioa kinaongezwa kimoja, mpaka ukabaki ujia ambao watu wawili wakikutana mmoja anarudi nyuma. Mama mwenye nyumba alipofariki hatukuwa na mahali pa kumwoshea. Walimwoshea chumbani, wakatandika nailoni sakafuni, maji yakatoka mpaka ukumbini. Wanawake tulikaa barabarani chini ya turubai, bodaboda wanatupigia honi tupishe. Wali ulipikwa mbele ya duka la mtu. Mwandishi wenu akipita mitaa yetu akakuta turubai limefunga njia, asidhani tunapenda kufunga njia. Uani wote umelala chini ya bati.

Nataka niseme kidogo kuhusu uani, kwa sababu wasanifu wetu wengi wanauchora kama nafasi iliyobaki. Uani ndipo mkaa unapowaka bila kuua mtu. Ndipo nguo zinapokauka, mchele unapopepetwa, mtoto anapojifunza kutembea mama yake akimwona kutoka jikoni. Wanawake wanakaa hapo wamevua mitandio. Chumba kinachotazama uani kinapata upepo kutoka pande mbili, mlango na dirisha, na mwezi wa pili Dar upepo huo si anasa. Ukiujenga uani, vyumba vya zamani vinakuwa mapango. Taa inawashwa saa sita mchana. Wapangaji wangu walivyosikia mpango wa kwanza waliniuliza kwa adabu kama kodi itashuka.

Maji nayo yana njia zake. Mvua ya masika inayoanguka kwenye mchanga wa uani inanywewa pale pale. Ukiweka paa na jamvi, yaani sakafu ya zege ya chini, maji yaleyale yanatafuta pa kwenda, na mara nyingi yanakwenda kwa jirani. Aliye nyuma yangu alijenga mpaka mwisho wa kiwanja, na tangu hapo kila masika mimi huweka mifuko ya mchanga mlangoni pa stoo. Tumekwisha kusemezana mbele ya mjumbe, tumepatana, lakini maji hayakuhudhuria kile kikao.

Na choo je? Nyumba zetu za zamani zina mashimo mawili au matatu uani, moja linatumika na mengine yalijaa yakafukiwa. Anayekumbuka yalipo ni bibi, na bibi ameshafariki. Jirani mwingine alijenga chumba cha kijana wake juu ya shimo la zamani bila kujua. Masika ya kwanza jamvi lilipasuka katikati, ya pili mguu mmoja wa kitanda ukazama. Hakuumia mtu, kwa hiyo mtaani tunalisimulia kama kichekesho. Zaidi ya hapo, gari la kunyonya maji taka linahitaji mahali pa kupitisha mpira wake. Ukishaziba kila ujia unabaki kuingoja mvua kubwa ili ufanye ule ujinga tunaoujua wote wa kutapisha choo usiku, yaani kuyaachia maji taka yaende na mvua.

Kwa hiyo namkubali mwandishi wenu kwamba kutanuka kuna kikomo. Sensa ya 2012 ilihesabu mkoani kwetu watu 4,364,541. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Zaidi ya milioni moja wameongezeka ndani ya miaka kumi, na hawawezi wote kwenda Chanika na Vikindu. Lakini aone pia kwamba mtu wa kawaida haendi pembeni kwa ujinga. Kila kitu kinamsukuma huko.

Chukua kodi ya majengo tunayokatwa kwenye LUKU, yaani tunaponunua umeme wa kulipia kabla. Ilipoanza kukatwa kwa njia hiyo mwaka 2021, nyumba ya kawaida ilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi na ghorofa shilingi 5,000 kwa kila sakafu. Mwaka 2023 vikapanda kuwa 1,500 na 7,500. Fanya hesabu ya mwaka. Mtu aliyefunika kiwanja chote kwa bati, vyumba kumi na viwili, hana uani, hana mti, maji yake yanaingia kwa jirani: shilingi 18,000. Mwenzake aliyepanda sakafu mbili ndogo ili abakize uani: shilingi 90,000 mara mbili, 180,000. Mara kumi! Najua waliopanga walikuwa na picha ya maghorofa ya Kariakoo na Masaki, na mwenye ghorofa la kupangisha ofisi alipe, sina ugomvi. Lakini ghorofa moja ya familia Tandika haifanani na jengo la Kariakoo. Ningependa wabunge wetu wa mkoa huu walitazame hilo Bunge la Bajeti litakapokaa: nyumba ya kuishi ya sakafu mbili, yenye sehemu ya kiwanja iliyoachwa wazi, itozwe kama nyumba ya kawaida.

Jambo la pili ni michoro. Ghorofa inataka mchoro wa msanifu na wa mhandisi, na ni sawa itake. Kibali nimekipata, sina malalamiko. Ila nyumba za Kiswahili zinafanana kama sare za shule. Tofauti ni mita moja hapa na nusu mita pale. Je, haiwezekani halmashauri zetu zikawa na michoro ya mfano, iliyokwisha kupigiwa hesabu za vitako, nguzo na ngazi, mwananchi akainunua kwa bei nafuu na kubakiwa na gharama ya kupimiwa udongo na kusimamiwa tu? Mimi michoro ilinila fedha ambazo zingenunua tofali za chumba kizima. Wengi wakifika hapo wanamrudia fundi wa "tu".

Mtauliza nilifanya nini. Nyumba ya baba sikuigusa. Nilibomoa banda la jiko na stoo, lililokuwa nyuma kabisa, tukachimba upya. Vitako sita vya zege, kina mita moja na nusu, kwenye udongo ambao mhandisi aliukanyaga, akaupima na kuuandika. Juu yake nguzo, mkanda wa chini, tofali za inchi sita. Ni kijumba cha mita 4 kwa 8: chini jiko, stoo na choo cha ndani, juu vitakuwa vyumba viwili vya mwanangu na wanawe. Ngazi iko nje, ubavuni, ili isile chumba. Si vile vyumba vinne nilivyovitaka mwanzoni. Jumla yake ni milioni 37, yaani kiinua mgongo changu na mkopo wa mwanangu. Kumbukeni ile hesabu ya pembeni ilikuwa milioni 14, na ilikuwa na vyumba viwili zaidi. Sitaficha kwamba kuna usiku nimelala nikiitazama tofauti hiyo darini.

Mwarobaini umebaki. Kutoka shina lake mpaka ukuta mpya ni mita 5, nimepima.

Mambo mawili yalitaka kutuvuruga na hayakuwa ya saruji. La kwanza ni dirisha. Chumba cha juu kikitazama nyuma kinaona uani wa jirani, tena bafuni kwake, ambako hakuna paa. Alikuja mwenyewe, mama wa makamo, hakupandisha sauti. "Mwalimu, wajukuu zako watakua." Alisema kweli. Tukageuza mchoro: upande ule tumeweka vidirisha virefu vilivyokaa juu ya kimo cha mtu, vya kuingiza hewa, na madirisha makubwa yote yanatazama uani kwangu. Mhandisi alinung'unika kidogo kuhusu upepo. Akanung'unike nyumbani kwake.

La pili ni urithi. Sisi tumezaliwa watano, na watoto wangu ni wanne. Mwanangu anajenga kwa mkopo wake juu ya kiwanja ambacho kimeandikwa jina langu. Nikifa, ile sakafu ya juu ni ya nani? Tangu mwaka 2008 tuna sheria inayomwezesha mtu kumiliki sehemu ya jengo, lakini hiyo ilitungwa kwa wenye maghorofa, na sisi tumeanza na kidogo tulichoweza: tumekaa wote, ndugu zangu na wanangu, tukaandika nani katoa nini na ndugu wakimnunua atalipwa vipi, tukasaini mbele ya wakili. Dada yangu mkubwa alisema tunaleta uzungu nyumbani. Alisaini hata hivyo, baada ya kusomewa mara tatu.

Zege la slabu linamwagwa Jumamosi hii, tukijaliwa. Tutalimwagilia maji asubuhi na jioni kwa siku saba, wajukuu wamekwisha kugawana zamu. Fundi anataka kutoa mirunda, yale magogo yanayoishikilia slabu, siku ya kumi na nne aipeleke kwenye kazi yake ya Yombo. Nimemwambia itakaa siku 28, na kodi ya mirunda ya wiki mbili za ziada nimeshamlipa.

Mwalimu mstaafu,
Tandika, Dar es Salaam